Mswaki, Mti wa Nchi Kavu

Katika nchi ya Turkana, upande wa kaskazini wa Kenya, jua la kiangazi halina huruma. Mvua ikikosa miezi mingi, nyasi hukauka, kisha hupeperushwa na upepo, hata ardhi ikabaki tupu kama uwanja uliofagiwa. Migunga hupukutisha majani yake. Mito nayo hukatika, ikabaki njia za mchanga mweupe tu. Mbuzi huzunguka mchana kutwa wakitafuta malisho, na jioni hurudi zizini na matumbo yaliyobonyea.

Lakini ukingoni mwa mto huo mkavu huonekana kichaka kimoja ambacho ni kama hakikupata habari ya kiangazi. Ni cha kijani tangu juu mpaka chini. Matawi yake yameinama hata kugusa mchanga, na ndani yake mna kivuli kizito. Ndege hawaishi kuingia na kutoka. Katikati ya majani huning'inia vishada vya matunda madogo, mengine yana rangi ya waridi, mengine yamekwisha iva, yamekuwa ya zambarau iliyokolea. Mtoto achungaye mbuzi akifika hapo huchuma matunda ukufi mmoja akala. Kisha hukata kijiti, akakitafuna ncha yake, akasugua meno huku akiwaangalia mbuzi wake.

Mti huu ni mswaki. Waturkana huuita esekon, Wasamburu sokotei, na Wamasai oremit. Watu wengi wa mjini hulitaja jina la mswaki kila siku asubuhi, wala hawajui ya kuwa wanautaja mti, na ya kuwa mti huo uko hai nyikani hata leo.

Umbo la mti

Mswaki si mti mrefu. Aghalabu ni kichaka chenye kimo cha futi 10 mpaka 20, ingawa mahali penye maji karibu huweza kukua ukawa mti kamili wa futi 30. Shina lake ni fupi, tena limepotoka, na gome lake ni la kukwaruza. Matawi ni mengi, membamba, nayo hulegea na kushuka chini, hata kichaka kikafanana na nyumba ya nyasi isiyo na mlango. Mti huu hauna miiba. Jambo hilo ni la ajabu katika nchi kavu, ambamo karibu kila mmea umejifunga silaha za kujikinga na wanyama.

Majani yake hukaa mawili mawili, kila moja likielekeana na mwenziwe. Umbo lake ni la yai lililorefuka, nayo ni manene kidogo, kwa maana yana maji ndani. Mtu akilitafuna jani moja huonja chumvi kwanza, kisha ukali kidogo. Maua ni madogo sana, yana rangi nyeupe iliyochanganyika na kijani, nayo huchanua katika mashada mepesi kwenye ncha za matawi. Mtu apitaye njiani kwa haraka hayaoni, lakini nyuki huyaona.

Tunda ni la mviringo, ukubwa wake kama punje ya mbaazi. Ngozi yake ni nyembamba, nyama yake ni laini yenye maji, na ndani mna mbegu moja tu.

Sababu ya mti kustahimili ukavu

Mtu mgeni akiuona mswaki katika kiangazi hudhani ya kuwa mti huu hauhitaji maji. Sivyo. Hakuna mti usiohitaji maji. Tofauti ni kwamba mswaki hujua mahali maji yalipojificha.

Mto wa nchi kavu ukikatika, maji yake hayapotei yote. Mengine huzama, yakakaa chini ya mchanga. Wachungaji wanajua habari hiyo, kwa hiyo huchimba visima katikati ya mto mkavu, wakanywesha wanyama wao. Mizizi ya mswaki hufanya kazi iyo hiyo. Hushuka chini sana, ikapita ardhi iliyokauka, mpaka ikafika penye unyevu. Ndiyo sababu mti huu huota zaidi kando ya mito, kando ya maziwa ya magadi, na katika mabonde ambamo maji hayako mbali chini ya ardhi. Kwa watu wa nyika, kichaka cha mswaki ni kama alama ya kuonyesha kwamba hapo maji hayako mbali.

Tena mti huu una uwezo mwingine. Katika nchi ya jua kali, maji ya ardhini hupanda juu na kugeuka mvuke, nayo huacha chumvi yake nyuma. Mwaka baada ya mwaka chumvi huzidi, hata mahali pengine ardhi hung'aa nyeupe kama iliyonyunyizwa unga. Mahindi hayawezi kuota hapo, wala maharagwe. Chumvi nyingi ardhini huizuia mizizi isipate maji, hata ikiwa maji yapo. Mswaki huvumilia hali hiyo. Hunywa maji yenye chumvi, na chumvi nyingine huiweka katika majani yake manene. Ndiyo maana jani lake likitafunwa lina ladha ya chumvi.

Watu wa kando ya Ziwa Chad, katikati ya Afrika, waliitumia tabia hiyo kwa akili. Katika nchi isiyo na bahari, chumvi ilikuwa mali kubwa. Basi waliuchoma mswaki, wakakusanya majivu yake, wakayachuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji yale mpaka yakakauka. Kilichobaki chunguni kilikuwa chumvi.

Matunda yake

Tunda bivu la mswaki ni tamu, lakini utamu wake hauji peke yake. Nyuma yake hufuata ukali wa kuwasha ulimi, kama wa haradali. Mtoto alaye kwa mara ya kwanza hukunja uso, na mara ya pili huomba mengine.

Ukali huo una sababu yake. Wataalamu wa mimea wameuweka mswaki katika kundi kubwa moja pamoja na haradali, kabichi, mlonge na mpapai. Mimea hiyo haifanani kwa umbo, lakini mingi katika hiyo ina asili moja ya ukali ndani yake. Kuna jambo dogo liwezalo kujaribiwa na kila mwanafunzi. Mtu akichukua mbegu moja ya papai akaitafuna, atasikia ukali unaopanda mpaka puani. Kitu kilichomo katika mbegu ile, kiletacho ukali, kimo pia katika mizizi ya mswaki.

Katika Turkana, kazi ya kuchuma matunda haya ni ya wanawake na watoto. Tunda moja halishibishi, na kichaka kimoja hakijazi kapu. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Matunda huliwa yakiwa yamechumwa sasa hivi, na yakiwa mengi huanikwa juani, yakawekwa kwa siku za mbele. Waswahili husema kwamba akiba haiozi, na maneno hayo watu wa nchi kavu huyafuata kwa matendo.

Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022, mvua ilikosa misimu 5 mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki ya Kenya, kusini ya Ethiopia, na Somalia. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata ngamia walikufa kwa wingi. Watu waliokuwa na mifugo mingi walibaki na fimbo tu mkononi. Katika miaka kama hiyo, chakula cha msaada huja, lakini pengine huchelewa. Na dukani unga upo, lakini fedha hakuna. Ndipo thamani ya matunda ya porini inapojulikana. Mama awaonaye watoto wake wana njaa haulizi kama tunda ni la kiungwana au la kimaskini. Huuliza tu kama limeiva.

Ndege nao wana sehemu yao katika tunda hili, nao huilipia. Hula matunda, wakaruka mbali, wakaziangusha mbegu pamoja na mavi yao. Kazi hiyo ina faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu nyama ya tunda huizuia mbegu isichipuke. Mbegu ikiwa bado imefungwa ndani ya nyama yake hukawia. Ikipita tumboni mwa ndege, nyama hutoka, na mbegu huwa tayari kuota. Basi ndege ala tunda ndiye apandaye mti.

Malisho ya wanyama

Majani ya mswaki hayapukutiki wakati wa kiangazi, nayo yana maji na chumvi ndani yake. Kwa hiyo ngamia huyapenda sana, kwa maana ngamia ni mnyama ahitajiye chumvi nyingi kuliko wenzake. Mbuzi nao huyala, hasa malisho mengine yanapokwisha. Lakini wachungaji hujua pia kasoro yake: mnyama akila mswaki kwa wingi, maziwa yake huchukua ladha ya mti. Mtu asiyezoea huyanywa kwa shida, ila mwenye njaa hayarudishi.

Wanyama wa porini nao huutegemea. Katika nyika za Samburu, tembo huja kwenye vichaka vya mswaki kando ya mto, wakavunja matawi na kula. Chini ya matawi hayo hayo sungura hujificha, kanga hupumzika, na pengine simba hulala adhuhuri. Kwa hiyo watoto wa wachungaji hufundishwa wasiingie katika kichaka cha mswaki kabla ya kutazama nyayo mchangani.

Mti na meno ya watu

Neno mswaki limetoka katika Kiarabu, miswak, na asili yake ni kusugua. Waarabu huuita mti wenyewe arak. Tangu zamani za kale watu wa Arabuni walikata vijiti na mizizi ya mti huu kwa kusafishia vinywa vyao, na Mtume Muhammad aliwahimiza wafuasi wake kuitunza desturi hiyo. Kwa njia ya dini, biashara na safari za majahazi, neno hilo likaja pwani ya Afrika ya Mashariki, likawa Kiswahili. Hata leo vijiti vya mswaki huuzwa vifungu vifungu nje ya misikiti na katika masoko ya pwani.

Kijiti kizuri kina unene wa penseli na urefu wa shibiri moja. Kwanza mtu huondoa gome katika ncha kadiri ya upana wa kidole. Kisha huitafuna ncha polepole mpaka nyuzi zake zikaachana, zikawa laini kama brashi ndogo. Hapo husugua meno yake moja moja, nje na ndani, naye huangalia asichubue ufizi. Ncha ikichakaa huikata, akatafuna nyingine. Kijiti kikikauka hukilowesha majini. Hakihitaji dawa ya kupaka, kwa sababu dawa imo ndani yake.

Kijiti hicho hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya brashi yo yote: nyuzi huondoa utando ule mlaini ushikao meno baada ya chakula. Utando huo ni makao ya vijidudu, na vijidudu hivyo hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi ndiyo itoboayo jino. Njia ya pili ni ya mswaki peke yake. Ule ukali wa haradali ulio katika mti huua au hudhoofisha vijidudu vingi vya kinywani. Katika miaka ya 1980, Shirika la Afya Ulimwenguni lilipendekeza vijiti vya kusafishia meno viendelee kutumiwa mahali ambapo ni desturi ya watu. Lakini kijiti hakimfai mtu mvivu. Mwenye kukishika mdomoni kama kiko, bila kusugua meno ya nyuma, ataoza meno yale yale ya nyuma.

Ama brashi ya dukani, hiyo ni mpya. Zamani brashi za Ulaya zilitengenezwa kwa nywele za nguruwe. Mwaka 1938, katika nchi ya Marekani, ndipo zilipoanza kuuzwa brashi za meno zenye nyuzi za nailoni. Brashi hizo zilipofika Afrika ya Mashariki, Waswahili hawakuzitafutia jina lingine. Waliziita miswaki. Basi mtoto wa mjini anayepiga mswaki wa plastiki mbele ya bomba la maji hutumia chombo kipya chenye jina la kale, na jina hilo limetoka katika mti wa nchi kavu.

Sifa zake katika nchi nyingine

Mswaki hauoti Afrika ya Mashariki tu. Huota katika nchi kavu nyingi za Afrika, Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Mwaka 1753, Carl Linnaeus, mtaalamu mkuu wa mimea wa nchi ya Sweden, aliuandika katika kitabu chake kwa jina la Salvadora persica, na jina hilo hutumiwa na wataalamu wa dunia nzima mpaka leo. Neno la kwanza ni la kuwaheshimu watu wa ukoo wa Salvador, wauza dawa wa mji wa Barcelona, walioipenda elimu ya mimea. Neno la pili maana yake ni mti wa Uajemi.

Huko Gujarat, katika Bara Hindi, watu wameupanda mswaki katika ardhi iliyoharibiwa na chumvi, ambayo haikufaa kwa mazao mengine. Mbegu zake hukamuliwa mafuta, na mafuta hayo hufaa kwa kutengenezea sabuni. Kwa njia hiyo ardhi iliyohesabiwa kuwa imekufa imewapa watu kazi.

Wataalamu wengine wamedhani pia kwamba mswaki ndio mti uliotajwa katika mfano wa punje ya haradali katika Injili, kwa sababu una ladha ya haradali, tena ni mti ambao ndege huweza kukaa katika matawi yake. Wengine wamekataa, wakisema kwamba mbegu ya mswaki si ndogo kama mfano unavyotaka. Shauri hilo halijakatwa.

Hatari zinazoukabili

Mti ambao jua na chumvi haviuwezi, watu wanauweza. Hatari ya kwanza hutoka kwa wale wale waupendao. Mzizi wa mswaki una ukali mwingi kuliko tawi, tena ni laini kutafuna. Kwa hiyo wachuuzi huutafuta sana. Tawi likikatwa, mti huchipuka tena, kwa maana nguvu yake imo ardhini. Lakini mizizi ikichimbwa yote, mti hauna njia ya kuyafikia maji, nao hufa. Tena mswaki hukua polepole. Kichaka kilichochimbwa kwa saa moja huchukua miaka mingi kurudishwa.

Hatari ya pili ni shoka na moto. Misitu ya kando ya mito hukatwa kwa ajili ya mashamba na makaa, na mswaki huondolewa pamoja na miti mingine, kana kwamba ni gugu tu.

Hatari ya tatu ilianza kwa nia njema. Mswaki huota pia katika nchi tambarare zilizo karibu na Ziwa Baringo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti mmoja mgeni, asili yake Amerika, ulipandwa huko ili watu wapate kuni na ardhi isigeuke jangwa. Wakenya huuita mathenge. Mti huo uliota upesi kuliko ilivyotarajiwa. Ulienea kando ya ziwa, ukafunika malisho, ukasonga miti ya asili. Miiba yake huchoma miguu ya watu na wanyama. Maganda yake ni matamu, na mbuzi huyapenda. Lakini sukari ile hushika katika meno yao, yakaoza, yakang'oka. Mbuzi asiye na meno hawezi kula, naye hufa kwa njaa katikati ya majani. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walikwenda mahakamani kudai haki yao, nao wakamleta mbuzi asiye na meno, ili waamuzi waone kwa macho.

Basi katika nchi hiyo moja mna miti miwili. Mmoja husafisha meno ya watu, na mwingine huoza meno ya mbuzi. Na ule wa pili unausonga wa kwanza.

Desturi ya wazee

Waturkana wana desturi ya zamani ya kuitunza miti ya mtoni. Kando ya mto Turkwel, kila jamaa ina sehemu yake ya ukingo wa mto, iitwayo ekwar. Mwenye ekwar ana haki ya kuchuma matunda na kuangusha maganda ya migunga kwa ajili ya mbuzi wake wakati wa kiangazi. Mgeni huomba kwanza. Hakuna ukuta wala karatasi, lakini kila mtu anajua mpaka ulipo. Kwa kuwa mti una mwenyewe, una mlinzi. Na kwa kuwa mlinzi anatumaini kula matunda yake mwaka ujao, hakubali ukatwe shina mwaka huu.

Maarifa hayo yaweza kufuatwa na kila mtu, hata asiye na ekwar. Atakaye kijiti na akate tawi dogo, aache shina na mizizi. Atakaye matunda na achume yaliyoiva, wala asivunje matawi kwa haraka. Atakaye kupanda na akusanye matunda mabivu, azioshe mbegu mpaka nyama yote iondoke, azipande upesi zingali mbichi, kisha aizungushie miche boma la miiba. Kwa kuwa mswaki hauna miiba yake mwenyewe, mche wake huhitaji kuazimwa miiba ya mgunga mpaka upite kimo cha mdomo wa mbuzi.

Atakayepanda hataona faida upesi. Lakini hata kichaka kile cha ukingoni, ambacho mtoto mchungaji hujipatia matunda na kivuli leo, hakikuanza leo. Pengine kilipandwa na ndege, na kilipokuwa kichanga mtu mmoja alipita na shoka lake, akakitazama, akakiacha.

Maswali

1. Kwa nini mswaki hubaki na majani mabichi wakati wa kiangazi?
2. Watu wa Ziwa Chad walipataje chumvi kutoka katika mti huu?
3. Eleza jinsi ndege wanavyousaidia mswaki kuzaa miti mipya.
4. Kijiti cha mswaki husafisha meno kwa njia mbili. Zitaje.
5. Kuna tofauti gani kati ya kukata tawi na kuchimba mzizi?
6. Kwa nini wakazi wa Baringo walimpeleka mbuzi mahakamani?
7. Ekwar ni nini, nayo huilindaje miti?
8. Taja mti mmoja wa porini wa nchi yako wenye matunda yaliwayo. Andika jina lake, mahali uotapo, na nani aulindaye.